Ahmedabad kwa bajaji: namna ya kuuona mji mkongwe bila kupoteza siku

Ukimwomba Mhindi akutajie miji ya kutembelea, ataanza na Agra, Jaipur na Delhi, na Ahmedabad huenda asiitaje kabisa. Waswahili wengi wanaofika huku wamefuata matibabu, chuo au vitambaa, na wanarudi nyumbani wakiwa wameijua hoteli, hospitali na njia ya uwanja wa ndege. Wamepitwa na mji ulioanzishwa na Sultan Ahmad Shah mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati, ambao mwaka 2017 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, wa kwanza kwa miji yote ya India. Na msikiti unaopendwa kuliko majengo mengine yote ya mji huo ulijengwa na mtu mwenye asili ya Afrika.

Siku mbili zinatosha kuuona vizuri, na chombo chake ni bajaji. Teksi haipiti kwenye mitaa ya ndani, mabasi ni mengi lakini mabango yameandikwa Kigujarati, na kwa miguu jua litakumaliza kabla ya saa sita. Ila kuna namna ya kuitumia hiyo bajaji, na wengi hukosea papo hapo: wanakodi moja ya kutwa, dereva anawazungusha, jioni wanajikuta wameona barabara na maduka ya sari. Fanya hivi: bajaji ikutoe mtaa huu ikufikishe mtaa ule, kisha uilipe iende zake. Ndani ya mji mkongwe tembea. Ukimaliza, simamisha nyingine, hazikosekani. Kukodi kwa kwenda na kurudi kuache kwa safari za mbali tu, nitazitaja mbele.

Kabla hujatoka hotelini

Angalia msimu kwanza. Novemba hadi Februari hali ya hewa ni ya kupendeza, asubuhi hata sweta unaihitaji kwa sababu bajaji haina milango na upepo unaingia moja kwa moja. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, na mtu wa pwani asijidanganye kwamba amelizoea: lile ni joto kavu, halikutoi jasho la kukushtua, unakauka tu mpaka kichwa kinaanza kuuma. Msimu wa mvua ni Juni hadi Septemba. Bajaji huteremsha mapazia ya plastiki, unaloa goti moja badala ya mawili.

Pesa: tafuta noti ndogo. Rupia 10, 20, 50 na 100 ndizo zitakazokuvusha siku nzima. Ukimpa dereva noti ya 500 kwa safari ya rupia 60, chenji hatakuwa nayo, au atasema hana. Kataa pia noti zilizochanika unapopewa chenji wewe, maana na wewe ukizitoa zitakataliwa. Wenyeji siku hizi hulipa kwa simu, kila bajaji ina kikaratasi cha QR kimebandikwa nyuma ya kiti cha dereva, lakini mfumo huo kwa kawaida unahitaji akaunti ya benki ya India, kwa hiyo mgeni apange kutumia noti.

Simu: ukiweza kupata laini ya India, ipate. Hutolewa kwa pasipoti na huweza kuchukua siku moja au zaidi kuanza kazi, basi anza nayo siku ya kwanza kabisa. Ukiwa na intaneti utatumia Uber, Ola au Rapido kuita bajaji, na hata usipoita, programu hizo zinakuonyesha bei ya haki ya safari unayoitaka. Hiyo pekee inatosha kukupa nguvu ya kubishana.

Nguo: utaingia misikitini na mahekaluni, hivyo mabega na magoti yafunikwe, mama awe na mtandio mkobani. Viatu viwe vya kuvuliwa haraka, utavivua mara nyingi. Chukua soksi kama ni kipindi cha joto. Sakafu ya mawe ya uani saa nane mchana haikanyagiki kwa mguu mtupu.

Kupanda, kupatana, kushuka

Bajaji za Ahmedabad zinatumia gesi asilia, ndiyo maana nyingi zina rangi ya kijani na njano. Abiria wanaoruhusiwa ni watatu, nyuma. Namba za gari huanza na GJ, na nyingi za mjini ni GJ 01. Piga picha namba hiyo kabla hujaingia, hasa usiku, na usijifiche unapoipiga. Dereva muungwana hajali, na asiye muungwana atakuwa amejua.

Sheria inataka mita. Nauli elekezi ilipopandishwa mwaka 2022 ilikuwa rupia 20 kwa kilomita 1.2 za mwanzo, kisha rupia 15 kwa kila kilomita. Viwango hubadilika, muulize mtu wa mapokezi hotelini vilivyopo sasa, lakini hesabu yenyewe ni rahisi na unaweza kuifanya kichwani: safari ya kilomita sita inakuja kama rupia 90. Akikutajia 300, unajua umesimama wapi.

Unapomsimamisha usianze na Kiingereza kirefu. Sema: "Bhai, meter se chaloge?" yaani ndugu, utakwenda kwa mita? Akiwa mtu mzima mwite "kaka". Kwao ni baba mdogo, na huwa linalainisha mazungumzo. Dereva wa kike wapo wachache, wao ni "ben", dada. Akikataa mita, taja bei yako kabla hujapanda na hakikisha anairudia kwa sauti: bei ya wote, si ya kila kichwa. Msipopatana, ondoka. Hatua tano mbele kuna mwingine, na mara nyingi yule wa kwanza atakufuata taratibu akipiga honi.

Kuna zile wanazoziita shuttle, bajaji zinazobeba abiria wa njia moja kwa kuchangia. Ni rahisi mno na ndizo wanazopanda wenyeji, ila dereva huongeza watu mpaka mmoja akae naye mbele upande upande. Mtu mmoja asiye na mzigo anaweza kuzitumia kwenye barabara kubwa kama Ashram Road. Mwenye mgonjwa, mtoto au mkoba wenye pasipoti, hapana.

Ndani ya bajaji, mkoba uwe katikati ya miguu au upande wa ndani, simu usiishike karibu na ukingo, na kiwiko kikae ndani. Pikipiki hupita sentimita chache kutoka kwako. Ukifika tarehe 14 Januari, sikukuu ya tiara ya Uttarayan, jihadhari zaidi: uzi wa kurushia hupakwa unga wa kioo, na ule unaokatika huning'inia barabarani. Utaona pikipiki zimefungwa waya uliopinda mbele ya usukani kumkinga dereva shingo. Siku hiyo usitoe kichwa nje hata kama kuna cha kupiga picha.

Kushuka: "Bas, yahin," yaani basi, hapa hapa, inatosha, kisha "Kitna hua?", imekuwa kiasi gani, na unalipa ukiwa umeshatoka na mizigo yako yote.

Siku ya kwanza, asubuhi: Kalupur hadi Jama Masjid

Saa moja na robo asubuhi panda bajaji, mwambie Swaminarayan Mandir, Kalupur. Lisisitize hilo Kalupur, mji una mahekalu mengine ya jina hilo. Hekalu hili la mwaka 1822 ndilo la kwanza la madhehebu ya Swaminarayan, la mbao zilizochongwa na kupakwa rangi kali. Wagujarati wengi wa madhehebu haya wamezaliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, hivyo usishangae mzee akikusalimia kwa Kiswahili.

Hapa ndipo inapoanzia Heritage Walk, matembezi ya asubuhi yaliyoanzishwa na halmashauri ya mji mwaka 1997. Mwongozaji anawapitisha kwenye pol mpaka Jama Masjid, msikiti mkuu wa Ijumaa, kwa muda wa kama saa mbili hivi. Ni vizuri kwenda nayo, kwa sababu moja kubwa: ukiingia kwenye pol peke yako utapotea, na hata ukipotea hutajua ulichokiona.

Pol ni mtaa mdogo wenye lango lake, uliojengwa ili watu wa ukoo, kazi au dini moja wakae pamoja na wafunge usiku. Nyumba zimebanana kusudi, moja inaipa nyingine kivuli, na njia zinapinda kusudi pia, mgeni asiweze kukimbia. Baadhi ya nyumba zina vipito vya siri vya kutokea mtaa wa pili. Angalia juu: nguzo, kingo za roshani na milango ni mbao iliyochongwa maua na ndege. Mtu aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Unguja ataisimamia milango hii kwa muda, maana mafundi na wafanyabiashara wa Kigujarati waliipeleka sanaa hiyo mpaka kwetu. Katikati ya pol utakuta kibanda kidogo juu ya nguzo ndefu, kimepambwa kama kitu cha mfalme. Ni cha kulishia ndege.

Matembezi yanaishia Jama Masjid, uliokamilika 1424. Uani kuna birika la udhu na nafasi ya maelfu ya watu, na ndani wanahesabu nguzo 260. Ingia ukae chini tu. Msitu wa nguzo ule unapoza hewa bila feni. Minara yake haipo: ilianguka kwa matetemeko ya ardhi, hasa lile la 1819. Siku ya Ijumaa usipange kufika karibu na saa saba mchana isipokuwa umekuja kuswali. Kina mama wanaweza kuingia uani. Sehemu za ndani hutegemea, uliza mlangoni.

Ukitoka upande wa mashariki, kaburi la Ahmad Shah mwenyewe liko hatua chache, na mbele yake kidogo ni Rani no Hajiro, makaburi ya malkia, ambayo leo yamezungukwa na soko la nguo na vipuli pande zote. Wanawake wanabishana bei ya blauzi wamegemea ukuta wa makaburi ya kifalme. Hakuna anayeona ajabu.

Saa tano jua limeshapanda. Rudi hotelini ulale. Najua inaonekana kama uvivu, lakini anayeng'ang'ania saa saba mchana huwa hana nguvu ya jioni, na jioni ndiyo mji wenyewe.

Wasiotaka kulala na wenye njaa waulizie Bhatiyar Gali, kichochoro kilicho karibu na lango la Teen Darwaza. Gujarat, jimbo lenye mji huu, ni nchi ya wala mboga na pombe imepigwa marufuku karibu jimbo zima, lakini hapa kuna nyama tangu zamani, halali, na mishikaki ya mkaa inayonukia mpaka barabarani.

Siku ya kwanza, alasiri: Sidi Saiyyed na kuendelea

Hapa ndipo pa kukaa. Mwenye nusu siku tu, aliyetoroka wodini kwa mgonjwa wake kwa saa tatu nne, aanze na kuishia hapa.

Saa kumi alasiri mwambie dereva "Sidi Saiyyed ni jali, Lal Darwaja". Usiseme msikiti tu. Jali, kimia cha jiwe, ndicho kinachojulikana na kila dereva. Bajaji itakushusha kwenye kisiwa cha barabara, magari yanazunguka pande zote kwa kelele, na katikati yake kuna msikiti mdogo ulio wazi upande mmoja, rangi ya asali.

Aliyeujenga ni Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyekuwa katika utumishi wa mmoja wa majemadari wa Gujarat. Ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati ule ule ambao Akbar, mfalme wa Wamughal, alikuwa akiuteka usultani wa Gujarat. Watu wenye asili ya Afrika walifika India wengine kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia, na baadhi walipanda mpaka kuwa makamanda na matajiri wa kujenga misikiti. Kizazi chao, Wasidi, wapo Gujarat hadi leo, wanaongea Kigujarati, na wanacheza goma kwenye maziara yao, hasa la Bava Gor kule Ratanpur karibu na Bharuch. Mlinzi wa msikiti akikutazama usoni mara mbili halafu akasema "Sidi?", hajakutukana. Anakuuliza kama wewe ni wa hapa.

Sasa saa kumi inahusu nini? Kibla cha India kiko magharibi. Ukuta wa kibla ndio wenye madirisha ya kimia, kwa hiyo alasiri jua linakuwa nyuma yake. Asubuhi utaona jiwe lililochongwa. Alasiri ukiwa ndani utaona mwanga wenyewe umechongwa, na kivuli cha matawi kinatambaa sakafuni kadiri dakika zinavyokwenda. Dirisha maarufu lina mti mmoja: shina linapanda katikati, matawi yanajikunja, yanapitana juu na chini kama uzi uliosukwa, na mtende umejipenyeza katikati yake. Sogea karibu mpaka uone unene wa tawi moja, halafu kumbuka kwamba fundi alilichonga jiwe hilo kwa patasi bila kulivunja. Kisha toka, zunguka nyuma upande wa barabara, utazame upande wa pili wa kazi hiyo hiyo. Kina mama ambao hawataruhusiwa kuingia ukumbi wa swala wataridhika na upande huo wa nje, ambako nakshi zinaonekana wazi zaidi kwa macho ya kawaida. Mti huo umekuwa alama ya mji, na chuo maarufu cha biashara cha IIM Ahmedabad kimeuchukua kwenye nembo yake.

Ukivuka barabara kuna mgahawa wa Lucky. Agiza chai na mkate wa maska, yaani wa siagi, kisha angalia unapokaa: kati ya meza kuna makaburi, ya kweli, yamezungushiwa vyuma vya kijani, na wahudumu wanayapita wakiwa na sinia mkononi. Mgahawa ulikua ukayazunguka makaburi. Ukutani kuna mchoro wa M. F. Husain, mchoraji mkubwa wa India, aliyekuwa mteja wa hapo.

Kutoka Lucky usipande chochote. Tembea kuelekea ngome ya Bhadra, pita kwenye uwanja uliojaa wauza nguo, hadi Teen Darwaza, lango la matao matatu ambalo masultani walilitumia kupita kwa maandamano. Kwenye nguzo mojawapo tafuta kishubaka chenye taa ndogo. Ni taa ya Lakshmi, mungu wa utajiri wa Wahindu, na wanaoiwasha vizazi kwa vizazi ni familia ya Kiislamu. Wapitaji hata hawaitazami, wanajua ipo.

Kisha nenda moja kwa moja mpaka Manek Chowk. Uwanja huu asubuhi huuza mboga, mchana ni soko la dhahabu na fedha, na usiku maduka ya vito yakifungwa, vibaraza vyake hugeuka majiko. Ni Forodhani isiyo na bahari wala samaki: kila kitu ni cha mboga, siagi inamwagwa kwa kijiko kikubwa, dosa inapinduliwa, sandwichi ina nanasi na jibini ndani na watu wazima wanaifurahia kama watoto. Mimi hiyo ya nanasi sikuielewa. Kulfi, aiskrimu ya Kihindi, ndiyo. Kunywa maji ya chupa, na uhakikishe kifuniko kinakatika mbele yako.

Watu watakutazama na wengine wataomba picha na wewe, hasa mwenye nywele za kusuka. Ukichoka, "nahi, bhai", hapana ndugu, kwa tabasamu inatosha.

Siku ya pili, asubuhi: kuvuka mto

Anza na Sabarmati Ashram, inayofunguliwa saa 2:30 asubuhi. Kutoka Lal Darwaja ni kama kilomita sita, na ukimwambia dereva apite Ashram Road utaliona jengo la chama cha wenye viwanda vya nguo lililobuniwa na Le Corbusier mwaka 1954. Litazame ukiwa ndani ya bajaji. Linatosha hivyo.

Kwenye Ashram hakuna kiingilio. Gandhi aliishi hapa tangu 1917, na alfajiri ya tarehe 12 Machi 1930 alitoka na wenzake 78 kwenda Dandi kuchota chumvi, safari ya kilomita kama 385 kwa siku 24, kupinga kodi ya Waingereza. Chumba chake cha kazi ni godoro, meza ya chini na gurudumu la kusokotea uzi. Mara nyingi kuna mama anayekaa kibarazani akisokota, na atakupa ujaribu. Uzi utakatika, atacheka. Kuna mipango mikubwa ya ujenzi kuizunguka Ashram, basi mwulize dereva mlango unaotumika kwa sasa.

Ukitoka, vuka mto kwa bajaji hadi Asarwa, ukiulizia "Dada Hari ni Vav". Dereva wengine hawapajui, weka ramani. Fika kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, jua linapokuwa limeingia mpaka chini. Kwa juu huoni kitu zaidi ya paa la nguzo kama la banda. Halafu ngazi zinaanza kushuka, orofa baada ya orofa, chini ya ardhi, nguzo na nakshi kila upande, na ukifika chini kelele za mtaa zimeshakatika. Ni kisima cha ngazi, kilichojengwa mwaka 1499 na Bai Harir, mwanamke wa nyumba ya Sultan Mahmud Begada, ili wasafiri na watu wa mtaa wachote maji na kupumzika kwenye ubaridi. Wageni ni wachache mno, na hakuna kiingilio. Vaa viatu vyenye meno, ngazi za chini huteleza.

Ukirudi upitie hekalu la Hutheesing la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, la mwaka 1848, nje ya Delhi Darwaza. Marumaru nyeupe, vihekalu 52 vidogo kuzunguka ua, utulivu. Nusu saa. Karibu na hapo, Shahibaug, kuna Calico Museum, yenye vitambaa vya kihistoria ambavyo mfanyabiashara wa kanga na vitenge angetoa chozi, lakini huingii bila kuhifadhi nafasi mapema, Jumatano hufungwa, na picha haziruhusiwi. Asiyehifadhi asipoteze nauli.

Siku ya pili, alasiri: safari ya kukodi

Sasa ndiyo unakodi kwa kwenda, kusubiri na kurudi. Unakoenda ni Sarkhej Roza, kusini magharibi, kama kilomita tisa kutoka katikati ya mji. Kwenda utapata bajaji yoyote, kurudi jioni ndiko kugumu, na dereva waliopo pale wanalijua hilo. Patana hivi: nauli ya mita mara mbili, ongeza kidogo kwa kila saa ya kusubiri, na ulipe yote mkirudi. Asikushawishi kumpa nusu njiani "kwa ajili ya gesi". Ukitaka kumpa kitu, mnunulie chai.

Na hapa ndipo utakaposikia habari ya duka la binamu yake, "kutazama tu, bure". Dereva anapata kamisheni mteja akiingia, hata asiponunua. Mwambie tangu mwanzo, kwa upole: hakuna duka. Akipitiliza, mwambie asimame, shuka.

Sarkhej ni mkusanyiko wa msikiti, makaburi na kasri lililobomoka, vyote vimelizunguka ziwa la kuchimbwa. Kaburi kuu ni la Shaikh Ahmed Khattu, mshauri wa Ahmad Shah, aliyefariki katikati ya miaka ya 1440, na Sultan Mahmud Begada naye aliomba azikwe jirani yake. Nguzo ni nyembamba na tupu, hakuna nakshi za kukimbiza macho, na uzuri wote uko kwenye nafasi kati ya nguzo na nguzo. Jioni familia huja kukaa kwenye ngazi za ziwa, watoto wanacheza kriketi kwenye ua wa mawe. Msimu wa kiangazi ziwa hukauka, wakawa wanachezea humo humo.

Kuna watakaokwambia umekosea hukwenda Adalaj, kisima cha ngazi cha orofa tano kilichoko kama kilomita 18 kaskazini, ambacho simulizi inasema Malkia Rudabai alikubali kuolewa na Begada, muuaji wa mumewe, kwa sharti kisima kimalizike kwanza, na kilipomalizika akajitupa ndani. Ni kizuri kuliko Dada Hari, nakiri, na nakshi zake ni nyingi zaidi. Lakini watalii wamejaa, na bajaji kwenye barabara kuu ya Gandhinagar, malori yakikupita, si raha. Ukiwa na shughuli Gandhinagar unganisha huko huko. Vinginevyo kwa Adalaj panda gari.

Kurudi usiku

Usiku wa Manek Chowk, wa kwanza au wa pili, usitafute bajaji pale pale penye watu. Haziingii, na zinazosubiri pembeni hazitaki mita. Tembea hadi barabara kubwa, Gandhi Road au Relief Road, simama upande unaoelekea kwako ili dereva asilazimike kugeuza, ndipo uite au usimamishe. Metro nayo ina kituo cha chini ya ardhi Gheekanta, si mbali, kama bado haijafungwa. Usimtajie dereva jina la hoteli peke yake, maana hoteli ndogo hazijulikani: mtajie hospitali, daraja au njia panda iliyo karibu nayo, na ukifika hapo umwelekeze mwenyewe.